Maswali ya Wasomaji: Kibali cha Ujenzi Huanzia kwenye Kiwanja

Barua zilizotufikia kuhusu vibali vya ujenzi zinafanana kwa jambo moja: wengi wa walioandika walikuwa wameshamlipa fundi kabla ya kuuliza halmashauri inataka nini. Tumechagua maswali yanayowagusa wasomaji wengi, na tumeyafupisha pale ilipobidi bila kubadili maana yake.

Nilinunua kiwanja pembezoni mwa Dar es Salaam kwa hati ya mauziano iliyogongwa muhuri wa serikali ya mtaa. Nilipotaka kujenga, mwenyekiti aliniandikia barua kwamba hana pingamizi. Fundi amechimba msingi, amepanga mawe na kuanza kusimamisha tofali. Sasa maofisa wa halmashauri wamefika, wameandika X nyekundu na kuacha ilani ya kusimamisha ujenzi. Je, barua ya mwenyekiti si kibali?
*Mwalimu wa shule ya msingi*

Hapana, mwalimu. Barua hiyo inaonyesha kwamba unafahamika mtaani na kwamba wakati inaandikwa hapakuwa na mtu aliyejitokeza kugombania eneo lako, na siku ukihitaji mashahidi itakufaa. Kibali cha ujenzi mjini, hata hivyo, hutolewa na halmashauri ya jiji, ya manispaa au ya mji, ambayo kwa mujibu wa Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007 ndiyo mamlaka ya upangaji katika eneo lake. Mwenyekiti wa mtaa, mtendaji wa mtaa na mjumbe hawana uwezo huo hata kwa nyumba ya vyumba viwili, na ni haki kusema kwamba baadhi yao wanalijua hilo vizuri wakati wanapogonga mihuri.

Jambo la kwanza ni kusimamisha kazi kweli kweli. Yako mazoea ya kumwambia fundi aendelee usiku au siku za mapumziko, kwa dhana kwamba nyumba ikishafika kwenye linta hakuna atakayethubutu kuibomoa. Dhana hiyo imewagharimu wengi, kwa sababu kuendelea kujenga baada ya kupokea ilani ni kosa linalojitegemea, na humnyima mwenye nyumba nafasi ya kusema kwamba hakujua.

Jambo la pili ni kwenda ofisi ya mipango miji ukiwa na hati ya mauziano na vipimo vya eneo, ukaombe kuonyeshwa eneo lako kwenye mchoro wa mipango miji. Hapo ndipo hatima ya jengo lako ilipo, kwa sababu ofisi inapopokea ombi la kibali haianzi kwa kutazama uzuri wa ramani, bali huuliza kama kiwanja kimepangwa, kama kimepimwa na mawe ya mpaka yapo, kimepewa matumizi gani, na mwombaji ana haki gani juu yake. Ukikuta eneo lako limepangwa kuwa makazi na limepimwa, kazi iliyobaki ni kukamilisha umilikishwaji ili upate barua ya toleo, yaani barua ya serikali ya kukupa kiwanja, na hatimaye hati. Ukikuta lipo ndani ya mtaa unaorasimishwa, yaani uliojengwa bila mpango na sasa unapangwa na kupimwa, ungana na wenzako katika zoezi hilo, ukiuliza pia kuhusu leseni ya makazi, ambayo ni haki ya muda inayotambuliwa na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ingawa haina uzito wa hati. Ukikuta mchoro unaonyesha barabara, shule au eneo la wazi, basi kibali hakitatoka, na fedha inayotakiwa kutafutwa ni ile uliyompa muuzaji. Kwa hali hiyo nenda kwa mwanasheria kabla ya kwenda tena kwa fundi.

Tuchukue kwamba mchoro umekubali. Ombi la nyumba ya kawaida huambatishwa nakala ya hati au barua ya toleo, risiti ya kodi ya ardhi iliyolipwa, na seti za michoro ya jengo. Michoro hiyo haiishii kwenye picha ya nyumba ikiwa imekamilika ambayo mafundi hupenda kuionyesha kwenye simu. Inatakiwa ionyeshe mpangilio wa vyumba na vipimo vyake, sura ya jengo kwa kila upande, mkato unaoonyesha kina cha msingi na kimo cha kuta, paa, na zaidi ya yote jinsi nyumba itakavyokaa ndani ya kiwanja: umbali wake kutoka kila mpaka, sehemu ya kiwanja itakayofunikwa na jengo, njia ya gari, na mahali pa shimo la maji taka. Halmashauri nyingi sasa hupokea maombi kupitia TAUSI, mfumo wa mtandaoni ulio chini ya TAMISEMI, ambako mwombaji hujisajili, hupandisha nyaraka, na hupewa namba ya malipo ya kulipia benki au kwa simu. Mtu anayekuomba fedha ya kibali mkononi, bila namba ya malipo, hakulipii kibali.

Faili lako litapita kwa wataalamu kadhaa, na kila mmoja ana jicho lake. Afisa ardhi hutazama umiliki, afisa mipango miji hutazama matumizi na umbali kutoka mipakani, afisa afya hutazama hewa, mwanga, choo na shimo, mhandisi hutazama uimara, na mkaguzi wa majengo huja hadi kiwanjani. Maombi mengi hurudishwa kwa kasoro ndogo ambazo mchoraji makini angezizuia, kama vile shimo la maji taka kubanwa kwenye mpaka wa jirani, chumba kisicho na dirisha linalofunguka nje, au nyumba iliyochorwa kwa ajili ya kiwanja kikubwa kuliko kilichopo.

Baada ya kibali kutoka, kazi ya mkaguzi haijaisha. Kibali hutaka umwite kwa hatua, kuanzia alama za msingi zinapowekwa, msingi unapochimbwa, jamvi, linta, hadi paa, kisha upate idhini ya kuanza kulitumia jengo. Wenye nyumba wengi hulipuuza jambo hili kwa kuona ni usumbufu, ilhali mkaguzi anayeona nondo kabla zege halijamwagwa ana faida kwako kuliko kwa halmashauri.

Nyumba yangu haina kibali, lakini kila mwezi nakatwa kodi ya jengo ninaponunua umeme. Je, serikali haijaitambua kwa kupokea kodi hiyo?
*Msomaji wa Morogoro*

Imeitambua kama jengo linalotozwa kodi, basi. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukusanywa kupitia LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, na mita haiulizi kama mwenye nyumba ana kibali. Halikadhalika kuunganishiwa maji au umeme si ushahidi wa uhalali wa ujenzi. Kama nyumba yako ipo kwenye kiwanja kilichopimwa, omba halmashauri ikueleze namna ya kuhalalisha jengo lililokwisha kujengwa. Utatakiwa kuandaa michoro ya nyumba kama ilivyo sasa, na uwe tayari kwa tozo ya adhabu.

Nina nyumba ya kuishi Dodoma, na hati inasema makazi. Barabara ya mbele imekuwa ya biashara, nami nataka kuvunja ukuta wa mbele nijenge fremu nne za maduka, juu yake nyumba za kupangisha. Fundi wangu anasema ramani moja inatosha na kibali ni kimoja. Nifuate utaratibu gani?
*Mama mfanyabiashara*

Mama, mpango wako una mambo matatu ndani yake, na fundi amekuonyesha moja tu.

La kwanza ni matumizi ya ardhi. Hati inayosema makazi haibadiliki kwa sababu majirani wote wamefungua maduka, wala kwa sababu una leseni ya biashara. Kwanza omba kubadili matumizi kuwa makazi na biashara. Ombi hilo hupitia halmashauri, na majirani hupewa nafasi ya kuweka pingamizi, kwa kuwa wao ndio watakaoishi na kelele, magari na maji yatakayotiririka kutoka kwako. Likikubaliwa, masharti ya hati hubadilishwa na kodi ya ardhi hupanda, kwa sababu ardhi ya biashara hutozwa zaidi, kwa hiyo iingize hesabu hiyo kwenye kodi ya fremu mapema. Ukipeleka ramani ya maduka kabla ya hatua hii, ofisi itairudisha, na mchoraji atakutoza upya kuirekebisha.

La pili ni ghorofa. Kwa nyumba ya chini watu wengi wamezoea kumtegemea fundi mzoefu, lakini jengo la ghorofa linahitaji michoro ya msanifu aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, michoro ya nondo na zege ya mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na mkandarasi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Usiridhike na jina na muhuri vilivyopo kwenye karatasi. Bodi hizi zina orodha za waliosajiliwa, na kuulizia namba ya usajili ni kazi ya dakika chache. Wako watu ambao kazi yao ni kukodisha mihuri kwa michoro ambayo hawajaitazama, nasi tunaona huu ni uovu mkubwa kuliko kujenga bila kibali, kwa maana humpa mwenye jengo imani isiyo na msingi.

Hatusemi haya kukutisha. Tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, katikati ya Dar es Salaam, lilianguka na kuua watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la biashara lilianguka Kariakoo, asubuhi, likiwa na wafanyabiashara na wateja ndani, na serikali ikaunda tume ya kukagua majengo ya eneo hilo. Jengo la kuangalia zaidi ni hili la aina yako, lenye maduka yanayofunguliwa kila siku na watu wanaolala juu yake. Mwenye fremu akitaka kuondoa nguzo ili duka liwe pana, au kuchimba chini apate stoo, mkatalie mpaka mhandisi aliyechora jengo aseme kwa maandishi.

La tatu ni taasisi nyingine ambazo jengo la biashara huzigusa. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupitia michoro ili kuona njia za kutokea, ngazi na vifaa vya kuzimia moto. Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, yaani OSHA, huhusika na eneo la ujenzi lenyewe, kwa sababu kwa muda wote huo ni mahali pa kazi. Mradi mkubwa, kama hoteli, kiwanda au kituo cha mafuta, huhitaji pia tathmini ya athari kwa mazingira chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, jambo ambalo wengi hulijua kwa jina la cheti cha NEMC, baraza la taifa la mazingira. Fremu nne huenda zisifike huko, lakini uliza mapema ili usije ukasimamishwa katikati ya kazi.

Ushauri wetu ni kwamba usivunje ukuta wa mbele sasa. Hata kuvunja kunahitaji idhini, na ukuta ukishavunjwa utabaki na kiwanja kilicho wazi huku faili la kubadili matumizi likiendelea na safari yake.

Kuna kijana anauza ramani za nyumba mtandaoni kwa bei nafuu sana. Naweza kuitumia kuombea kibali?
*Msomaji wa Arusha*

Ramani hiyo inaweza kukusaidia kujua unachokipenda. Haijui kiwanja chako kimeinamia wapi, mtaro wa barabara upo upande gani, wala udongo wako ni mchanga au mfinyanzi. Inunue kama picha, kisha mpelekee mchoraji aliyesajiliwa aichore upya kwa vipimo vya kiwanja chako.

Tuko Muscat. Mimi na ndugu zangu tumerithi nyumba ya marehemu baba Mji Mkongwe, Zanzibar, ya kuta za mawe na chokaa. Tunataka kupiga plasta ya saruji, kubadili madirisha, kuongeza ghorofa moja na kupokea wageni. Tunaweza kumtuma mjomba aanze?
*Msomaji wa Oman*

Ndugu zetu, mjomba asianze. Mji Mkongwe umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na kazi yoyote ndani yake, hata ya ukarabati, hupitia kwa Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Sheria za mipango miji tulizozitaja kwa wasomaji wa Bara haziwahusu ninyi, kwa kuwa ardhi na ujenzi Zanzibar vina sheria na ofisi zake.

Anzeni na mirathi. Mamlaka itataka kujua nani ana haki ya kuomba, na nyumba yenye warithi kumi na sahihi ya mmoja ni chanzo cha kesi. Kamilisheni mgawanyo, hakikisheni nyumba haikuwekwa wakfu wala haimo miongoni mwa nyumba za serikali, kisha warithi wote wampe mjomba hati ya uwakilishi iliyothibitishwa.

Kuhusu kazi yenyewe, tarajieni kukataliwa ghorofa ya nyongeza, kwani kimo na sura ya nyumba ni sehemu ya kinachohifadhiwa. Madirisha ya alumini nayo msiyahesabie. Plasta ya saruji ndiyo inayotutia wasiwasi zaidi, kwa sababu ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa hupumua. Unyevu unaopanda kutoka ardhini hutoka kupitia chokaa, na saruji ikiuziba hubaki ndani, hula kiungo cha chokaa, na huozesha ncha za boriti pale zinapoingia ukutani. Nyumba hupendeza kwa misimu michache, kisha plasta huanza kuvimba na kumwagika vipande vipande, na nyuma yake ukuta umekuwa unga. Tafuteni fundi anayejua kuchanganya na kuivisha chokaa, na kagueni boriti kwanza kabla ya rangi. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba kubwa kuliko yote pale Forodhani, ilianguka wakati likiwa katika ukarabati, na watu wawili wakafa. Kama jumba lile liliangukia mikononi mwa wanaolikarabati, nyumba ya familia haitakiwi kuguswa kwa haraka.

Kupokea wageni ni ombi tofauti linalohitaji leseni ya utalii, nalo hufuata baada ya Mamlaka kukubali matumizi hayo katika nyumba.

Kiwanja changu Mwanza kinafika karibu na maji ya ziwa, nami nataka kujenga nyumba ya kulala wageni inayotazama ziwa. Dalali anasema wenzangu wamejenga na hawajaguswa.
*Mstaafu*

Mzee wetu, dalali hatakuwepo siku ya kubomolewa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au bwawa na ufukwe wa ziwa au bahari pale zinapoweza kuharibu mazingira hayo. Pima mita hizo kwa kamba kabla hujamlipa mchoraji, ukumbuke kwamba Ziwa Victoria hupanda na kushuka, na kwamba mwaka 2020 lilipanda hadi kuingia kwenye makazi mengi ya ufukweni. Kama sehemu ya kiwanja inabaki nje ya mita 60, jengo likae huko na upande wa ziwa ubaki bustani. Peleka barua kwa afisa mazingira wa halmashauri ukiomba maoni yake kwa maandishi, na barua hiyo uiambatishe kwenye ombi la kibali.

Tahadhari ya namna hiyo hiyo ipo kwa wanaojenga kando ya barabara kuu na za mikoa. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, na wanaonunua kwa kutazama vibao vya zamani huumia.

Ombi langu limekaa miezi mingi bila jibu. Kijana mmoja pale ofisini ameniambia faili litasogea nikimwachia hela ya soda. Je, naweza kuanza msingi wakati nasubiri?
*Msomaji wa Mbeya*

Usianze. Ukimya wa ofisi si kibali, na risiti ya kupokea maombi si kibali. Soda nayo usiitoe, kwa sababu atakayeinywa si mmoja wa wale wanaotakiwa kupitisha faili lako, na utamkuta mwingine mwenye kiu kwenye kila meza.

Ingia kwenye akaunti yako ya TAUSI uone ombi limesimama kwa nani, kwani mara nyingi mtaalamu ameandika kasoro na mwombaji hajaisoma. Kama hakuna maelezo yoyote, mwandikie mkurugenzi wa halmashauri barua yenye namba ya ombi, tarehe ya malipo na jina la idara, ukitaka kujua kwa maandishi ombi limekubaliwa, limekataliwa kwa sababu gani, au linasubiri kitu gani. Nakala moja igongwe muhuri wa masijala na ubaki nayo. Diwani wako pia ni mjumbe wa baraza ambalo kamati yake husimamia mipango miji, na anaweza kuuliza ndani ya kikao jambo ambalo wewe huulizia dirishani. Ombi la fedha likirudiwa, andika siku, saa, mahali na kiasi kilichotajwa, kisha piga simu TAKUKURU kwa namba 113, ambayo haitozwi.